Vipepeo Wangu Wamehamia kwa Joëlle

Jumamosi, 5 Oktoba 2024
Kimeshika! Kichaka nilichochimbua kando ya barabara ya Kailo, kile kinachotoa maziwa meupe ukikivunja, kina majani mapya. Mwalimu wetu wa biolojia alisema vipepeo wanakipenda kuliko mmea wowote. Watakuja, watagusa maua ya maboga ya Mama, maboga yatazaa. Mpango kamili. Mama amesema haya ni majani ya bure ya kuficha nyoka, kiwanja cha watu wenye heshima hufagiwa kikabaki udongo mtupu. Lakini amenipa kipande cha nyuma ya jiko hadi mwisho wa mwezi. Bila vipepeo, anang'oa na kupanda mboga za lengalenga. Atashangaa.

Jumanne, 8 Oktoba
Viwavi! Wana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na wanakula kama watu wa matanga. Nimewamwagia majivu, kama tunavyofanya kwenye kabichi. Wametikisa vichwa, wakaendelea. Mama ameuliza kama hawa ndio vipepeo wangu. Amecheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 9 Oktoba
Kuwaua naona huruma. Nimewaokota wote ndani ya mkebe wa nyanya. Nyuma ya choo cha jirani yetu Joëlle kuna kichaka kama changu, kimejiotea tu. Nimewamwaga kule juu ya uzio, nikainama haraka. Wale huko!

Jumamosi, 19 Oktoba
Joëlle ameniita kwa sauti ya sokoni: "We mutu wa diploma, kuya uone!" Eti chini ya majani kwake kunaning'inia vitu vya kijani kama hereni, vyenye nukta za dhahabu. Nimeona haya. Nimejibu kwamba nina mboga ya sombe motoni. Sikuwa na sombe. Hereni zake zinanihusu nini? Kichaka changu ni kisafi, hakina hata tundu.

Jumapili, 27 Oktoba
Wizi! Vipepeo wa rangi ya machungwa, wengi, wote kwa Joëlle! Mama ametoka kanisani, ameegemea uzio, amemsifu kwamba ana mkono mzuri. Joëlle! Aliyepanda nini? Kisha Mama amechukua jembe. Nimefumba macho. Nilipofumbua, kipepeo mmoja alikuwa amevuka. Ametua kwenye kichaka changu, akakunja tumbo chini ya jani, akahamia jani la pili, la tatu. Mama ameweka jembe chini. Amenipa mwezi mwingine. Nimeshinda!

Alhamisi, 31 Oktoba
Nimefikiri kwa makini, kama mtu aliyesoma. Joëlle ana dawa ya kuwavuta, hakuna sababu nyingine. Mimi nina usafi. Leo asubuhi nimekuta viwavi tena, wembamba kama uzi, kwenye majani yaleyale alipotua kipepeo wangu. Maskini, wangemfukuza! Safari hii sikungoja wanenepe. Nimechukua mkebe, nimepita jikoni, nimefika kwenye uzio kabla Joëlle hajaamka.