Mafuta ya Karembo Yaingia Maabara

Jumatatu, 14 Julai
Daktari Waruguru ametangaza nafasi ya msaidizi wa maabara. Moja! Na tuko wawili, mimi na Naliaka. Nikikosa, narudi kwetu Kiganjo kumkamulia Mama ng'ombe. Shindano lenyewe: kupaka lithiamu ya betri utando wa kuikinga. Bila utando, ukichaji inaota miiba, miiba inatoboa hadi upande wa pili, moto! Naliaka tayari anapima dawa kwa mizani. Ananiudhi hata akipumua.

Jumanne, 15 Julai
Nimepata! Mama ana mkebe wa mafuta ya kukamulia, ya kumpaka ng'ombe wetu Karembo chuchu zisipasuke. Utotoni alitupaka hayo hayo usoni kila Julai tukienda shule. Baridi haikutuweza. Sasa hewa itaiweza lithiamu? Nimepitia nyumbani, nikabeba mkebe mzima. Mama hajui.

Alhamisi, 17 Julai
Wueh! Lithiamu tupu ikikaa nje huwa nyeusi mara moja. Yangu imelala mezani mchana kutwa, bado inang'aa. Daktari aliinama, akanusa, akauliza hiyo harufu ni ya nini. Nikamwambia ni siri ya biashara. Naliaka akaja kuitazama mara mbili. Raha iliyoje! Mama alipiga simu kuuliza kama nimeona mkebe. Nikasema mtandao ni mbaya.

Ijumaa, 18 Julai
Ngai, aibu! Betri ya Naliaka imewasha taa. Yangu, wapi. Nikaitingisha. Nikaiombea. Daktari akaifungua, akasema nimeikinga mpaka chaji yenyewe imekosa pa kupita. Ati utando mzuri huzuia kibaya na kupitisha kizuri, kama wa Naliaka. Kazi amepewa yeye. Naliaka akaniambia pole, na alimaanisha. Sitamsamehe.

Jumamosi, 19 Julai
Kiganjo. Chuchu za Karembo zimepasuka kwa kukosa mafuta. Amenipiga teke, ndoo huko, mimi huku. Mama amesema siingii nyumba yake mpaka ng'ombe akamuliwe.

Hakuna shida. Jana nikitoka maabara nilibeba kichupa cha utando wa Naliaka. Si kinazuia kibaya na kupitisha kizuri? Maziwa ni kizuri. Nimepaka chuchu zote nne, tabaka mbili, nangoja zikauke. Zimekuwa ngumu kidogo. Mama amekuja zizini, akauliza hiyo harufu ni ya nini.

Nimemwambia ni siri ya biashara.