Daraja Nililolivunja kwa Simu

Ijumaa, 4 Agosti

Kesho safari ya ukweni. Mimi, mke wangu, kifungua mimba mwenye miaka saba, na kitinda mimba mwenye minne, ambaye mdomo wake hauna kufuli. Nyumba ya wakwe ina chumba kimoja tu cha wageni. Kitanda, chandarua, mlango unaofungwa! Anayewahi kufika ndiye analala humo. Anayechelewa analala sebuleni, kwenye mkeka, pamoja na watoto wote. Miaka mitatu mfululizo mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, ananiwahi. Miaka mitatu nalala nikipigwa mateke na wanawe. Mgongo umegoma.

Mwaka huu ng'o! Nimempigia simu jioni, sauti nimeitia huzuni. Nimemwambia daraja la mtoni limekatika, bora azunguke njia ya milimani. Kanishukuru mno. Kaniita ndugu yangu. Nimecheka kwenye kochi mpaka machozi.

Jumamosi, 5 Agosti

Balaa! Mizigo tumeshapakia, injini inanguruma, simu ya mke wangu ikaita. Dada yake. Habari za daraja! Mke wangu kanigeukia kaniuliza mimi ni baba wa namna gani, najua daraja limekatika na bado nataka kuwapitisha watoto huko. Ningesema nini? Nikasema nilitaka kumpa habari polepole, asishtuke. Palepale akampigia na baba yake.

Tukashika njia ya milimani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Waongo wao! Yangu ilikuwa kona baada ya kona, vumbi mpaka kwenye meno. Kitinda mimba katapikia kofia yangu. Kifungua mimba kila kilima anauliza kama tumefika. Nikatangaza zawadi kwa atakayenyamaza mpaka mwisho wa safari. Wakanyamaza kweli. Mdogo akanyamaza hata alipobanwa na mkojo. Kiti cha nyuma hakijakauka mpaka sasa, na zawadi yake anaidai.

Kitu kimoja kilinipa moyo: mwanyumba naye yuko humu humu milimani, na gari lake bovu kuliko langu.

Hayuko! Tunafika jua linazama, gari lake liko kivulini, limeshaoshwa. Kumbe alimuuliza dereva wa lori kwenye kituo cha mafuta, akaambiwa daraja ni zima. Akapita zake. Viatu vyake viko mlangoni pa chumba. Chandarua kishashushwa.

Na baba mkwe! Lahaula! Aliposikia tunakuja na daraja limekatika, alikwenda mtoni tangu asubuhi na kamba begani, atuvute ikibidi. Daraja kalikuta zima, ila kaona bora atungoje; kasimama juani hadi mwanyumba alipopita adhuhuri akampakia. Kipara chake chote chekundu. Akauliza kwa upole nani aliyeleta habari ile. Nikasema nadhani redio. Kitinda mimba akadakia kwamba baba alimwambia baba mkubwa kwenye simu, halafu akacheka sana, halafu akamkataza yeye asimwambie mama. Mama mkwe akainamia sufuria lake. Mke wangu hakunitazama kabisa. Mzee akasema haya, karibu mkwe. Akaenda kutundika kamba yake.

Nimeona aibu, sifichi. Mkeka.

Jumapili, 6 Agosti

Mgongo kama ubao. Mateke kutoka pande zote.

Jioni, muujiza! Mwanyumba kanifuata mwenyewe, kanipa pole, kaniachia chumba. Eti anapenda kulala karibu na watoto. Mjinga yule! Nilijikaza nisiruke. Mke wangu kasema ningejiuliza kwanza kwa nini. Nikamwambia aache kumshuku shemeji yake, mtu mwema vile.

Jumatatu, 7 Agosti

Alfajiri, giza totoro, ngo ngo ngo dirishani. Mzee! Ana majembe mawili. Kumbe anayelala chumba kile ndiye anayeamshwa na mzee wakalime bustani yake mpya ya mboga. Sebuleni hagongi, asije akawaamsha wajukuu. Mke wangu, aliyekulia nyumba hii, akajifunika shuka gubigubi akiniambia niende salama.

Nimelima mpaka viganja vimetoka malengelenge. Mwanyumba katokea jua limeshapanda, anapiga miayo, kaniuliza nimelalaje.

Kurudisha chumba? Nitaonekana nimekimbia jembe. Lakini akili ni nywele, na mimi ninazo! Wakati wa chakula cha mchana nikasema kwa masikitiko kwamba chumbani kuna panya, mkubwa ajabu, na mimi na panya hatuivi. Kwa hiyo bora nirudi tu kwenye mkeka, bila kinyongo.

Mzee akaweka kijiko chini. Akasema mkwe wake hawezi kufukuzwa na panya katika nyumba yake. Jioni hii kaingia chumbani na godoro lake, tochi na rungu. Mke wangu kachukua mto, kaenda kwa watoto, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mzee kajilaza mlangoni. Kaapa hatoki humu mpaka panya afe, hata iwe wiki. Majembe kayaingiza ndani kabisa, tusipoteze muda alfajiri.

Nimejibana ukutani. Kujigeuza siwezi, kukoroma siwezi, mkwe yuko hapa. Yeye anakoroma.

Si neno. Kesho nitasema panya kahamia sebuleni.