Gia Yetu Iliyokwenda Turiani

Rehani Mansuri,
Fundi wa mashine za kusaga na baiskeli,
Bigwa, Morogoro.
Jumatatu, 17 Juni 2013

Kwa: Bi. Anastasia, Mwenyekiti wa Waamuzi,
Mashindano ya Roboti ya Vijana wa Sekondari, Morogoro.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINDANO YASIYOSHINDANA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umeketi, maana ni ndefu. Kwa umri wangu ilitakiwa wewe uniamkie kwanza, lakini kwa kuwa wewe ndiye mwenye filimbi, nakusalimu mimi.

Mimi ni baba yake Shadia wa kidato cha tatu, nahodha wa timu iliyounda roboti inayoitwa Kinyonga. Ni ile yenye mkono wa bati la kijani, iliyokuwa ikiokota mipira na kuitia kapuni. Jumamosi iliyopita nilikaa mstari wa pili tangu ukaguzi wa asubuhi hadi kombe la mwisho, na nimeona mambo ambayo siwezi kuyanyamazia.

Kwanza nieleze nilikotoka. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo. Mwaka 1997, mwaka aliozaliwa Shadia, kiwanda kilibinafsishwa. Bwana mmoja mwenye tai alisimama juu ya kreti la soda akatuambia, "Ndugu wafanyakazi, hii sasa ni dunia ya ushindani. Asiyeweza kushindana, apishe." Nilipisha. Nikafungua kibanda cha ufundi hapa Bigwa, na nikamlea binti yangu kwa neno lile lile. Kwa hiyo ushindani naujua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu nusu dakika ya kwanza. Kanuni zenu zinasema mechi ni dakika mbili na nusu, na katika nusu dakika ya kwanza hakuna mtoto kugusa kitu. Roboti ijiendeshe yenyewe kwa maagizo iliyowekewa kabla kwenye kompyuta. Mimi nilisimama nikaisaidia kwa kuiambia "kulia, kulia". Mwamuzi wako, Ndugu Lukasi, akaja akaniinamia: "Shikamoo mzee. Haikusikii." Najua hainisikii. Lakini nimezungumza na mashine miaka kumi na tisa na nyingi zilikuwa zinaelewa.

2. Kuhusu gia. Saa nne asubuhi kipaza sauti kilitangaza kuwa timu ya Turiani imevunjikiwa gia, na kama kuna mwenye gia ya meno thelathini na sita awasaidie. Hakuna aliyeinuka, kama inavyotakiwa. Mechi ya kwanza ya Turiani ilikuwa dhidi yetu. Nikashusha pumzi. Mara nikamwona Shadia anafungua sanduku letu la akiba, anatoa gia, anakatiza ukumbi mzima na kumkabidhi nahodha wa Turiani, binti aitwaye Kristina.

Gia ile haikutoka dukani, Mwenyekiti. Niliichonga mwenyewe kwa tupa, siku nne, jino baada ya jino, kutoka kwenye kipande cha nailoni ngumu. Nikamfuata binti yangu nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hao ndio tunacheza nao." Akanijibu, "Baba, wasipocheza hao, tutashindana na nani?" Swali hilo nalo nalilalamikia.

3. Turiani walitufunga. Kwa pointi mbili. Kwa gia yangu. Niliisikia ikizunguka na haikukwaruza hata mara moja. Nikajikuta napiga makofi, mpaka mke wangu Mwanahawa akaniuliza, "Baba Shadia, unamshangilia nani?"

4. Kuhusu kura. Kila mechi yenu ni timu mbili dhidi ya timu mbili, na mshirika hupatikana kwa kura. Raundi ya pili kura ikatuweka upande mmoja na Turiani, nusu saa baada ya kutufunga. Raundi ya tatu wakawa wapinzani tena. Hata vyama vya siasa husubiri uchaguzi upite. Nakuuliza kwa heshima, mzazi achukie kwa ratiba gani? Kulikuwa na baba mmoja wa Turiani, mkata miwa, ambaye nilimkunjia uso tangu asubuhi. Ikabidi nimkunjulie na kumkaribisha machungwa tuliyoletewa na wakwe zangu wa Kinole. Saa nane nikamkunjia tena, na chungwa langu lingali mdomoni mwake.

5. Kuhusu daftari. Nilidhani mnapima pointi tu. Kumbe mnawaita watoto chumbani muwaulize wamekosea wapi. Shadia aliwasomea waamuzi kurasa nzima: mkono uliovunjika mara tatu, betri waliyoiunganisha kinyume, gurudumu lililong'oka mbele ya mkuu wa shule. Kwa kusoma hayo mkampa alama. Kiwandani kwetu aliyekosea alificha. Mimi nilificha kosa moja mwaka 1989 na hadi leo halijulikani, na wala sitalitaja hapa.

6. Kuhusu fainali. Turiani waliongoza msimamo, na kwa kanuni zenu anayeongoza huchagua mshirika wa fainali. Zilikuwepo timu zenye pointi nyingi kutuzidi sisi. Kristina akashika kipaza sauti akasema, "Turiani inachagua Kinyonga." Tukashinda. Lakini nafasi ya kwenda fainali ya taifa Dar es Salaam ni moja, na ni ya aliyechagua. Sisi tukapewa Kombe la Ushirikiano, ambalo ni kubwa kuliko lao.

Sasa majirani hawaniachi. "Mzee Rehani, mlishinda au mlishindwa?" Nikisema tulishinda, wanauliza mbona hamwendi Dar. Nikisema tulishindwa, wanauliza hilo kombe tumelitoa wapi. Shadia mwenyewe nilimuuliza. Alisema, "Tulicheza vizuri, baba," akaenda kuteka maji huku anaimba. Mtoto aliyelelewa kwa ushindani haimbi akiwa amekosa safari.

7. Hili ndilo zito, na ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Mwaka 1996 mashine yetu kubwa ya kufuma ilisimama kwa kukosa gia moja. Kiwanda kingine, mkoa mwingine, kilikuwa nayo stoo, haina kazi. Niliwaandikia kwa mkono huu huu. Walijibu kwa adabu kwamba wanasikitika, lakini sisi na wao ni washindani. Mashine ile haikuzunguka tena. Wafumaji arobaini na wawili walirudi nyumbani, na mwaka uliofuata tukawafuata sisi wengine. Sikulalamika. Niliambiwa ndivyo ushindani ulivyo, na mtu hawezi kugombana na mvua.

Jumamosi nimeona watoto wa miaka kumi na sita wakiombana gia kwa kipaza sauti, wakapeana, na mechi ikachezwa. Kwa hiyo, Mwenyekiti, kuna mambo mawili tu. Ama umekosea wewe, ama alikosea yule bwana wa kreti. Ikiwa umekosea wewe, naomba matokeo yafutwe na gia yangu irudishwe. Ikiwa alikosea yeye, naomba jopo lako zima lifike pale kiwandani, upulize filimbi, na mechi ile ya mwaka 1996 irudiwe. Wafumaji wengi wako hai bado. Wanakokaa nakujua.

Nitashukuru nikijibiwa kwa maandishi. Nisalimie waamuzi wote, Ndugu Lukasi, na yule mama aliyetupikia pilau. Mwanahawa anakusalimu, ingawa ameniambia nisikutumie barua hii.

Ni mimi nisiyeridhika,
Rehani Mansuri

Tanbihi, Ijumaa, 21 Juni: Niwie radhi kwa kuchelewa na kwa alama ya grisi hapo juu. Jumatatu, kabla sijafika posta, Kristina alimpigia Shadia simu kwamba mnyororo wa roboti yao umekatika na Dar ni wiki ijayo. Shadia hakuniomba kitu. Alikaa tu mlangoni, amevaa viatu. Leo ni siku ya nne tuko Turiani. Mnyororo nimeufupisha, ekseli nimeinyoosha, na kuna skrubu mbili sijaziridhia. Fomu yao ya safari ina mstari ulioandikwa "fundi wa timu", nao wamejaza jina langu kwa wino bila kuniuliza. Sikulikata. Kwa hiyo nakuomba sana, malalamiko haya yasisomwe na mtu yeyote mpaka fainali ya Dar es Salaam ipite. Yanaweza kuiharibia timu yangu.