Mbeba Sinia Ndiye Namba Moja

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Vidio ya mchana, hapa Kayole. Filamu ileile ya Kihindi ya juzi. Ukumbi mzima macho kwa staringi. Mimi simo! Staringi nimewaachia watoto. Kila mtu anajua staringi hafi, sasa kazi yake ni gani? Mimi natazama walio nyuma yake.

Leo nimeamua rasmi. Namba moja kati ya wasaidizi wote wa filamu duniani ni yule mbeba sinia. Hana jina. Hana neno hata moja. Anapita na sinia la chai wakati simu inaleta habari kwamba mama yake staringi amefariki. Staringi analia, ukumbi unalia naye. Kule nyuma, karibu na pazia, mbeba sinia anafungua tu vidole. Sinia linaanguka polepole, kama jani. Vikombe vinaelea. Chai inabaki juu kidogo kabla haijakumbuka kushuka. Lo! Nilisahau kupumua.

Nikasimama nikawaambia watu wautazame ule mkono. Wakaniambia nikae, kichwa changu hakipitishi mwanga.

Nilitoka na ile bluu ya televisheni bado machoni. Barabara ya Spine yote ilikuwa bluu. Hata mbwa.

Nyumbani nikamkuta Nzomo, ninayeishi naye chumba kimoja. Ni dereva wa gari la mkate. Habari zimemjaa mpaka masikioni. Jumamosi ijayo anapeleka ntheo kwa kina Kavindu. Ntheo ni mbuzi watatu wa desturi ya Wakamba. Wakipokelewa wote, msichana ni mke wake. Akipungua mmoja, hakuna kitu. Na haraka ipo: Mzee Ndolo, baba yake Kavindu, amestaafu, na Jumapili itakayofuata lori linabeba familia nzima kurudi Mwingi. Kavindu amesema waziwazi hatabaki Nairobi na mwanamume ambaye mbuzi wake hawajapokelewa. Ataingia kwenye lori na mambo yaishie hapo. Nzomo anampenda mno, masikini. Siku hizi anatia chumvi kwenye chai.

Ameniomba niwe kwenye msafara. Mimi, Dishon Nabiswa, mtu wa Webuye! Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatatu, 5 Agosti

Leo nafasi zimegawanywa. Msemaji ni Ndete, binamu yake Nzomo, karani anayevaa tai hata akienda kuchota maji. Kwa kifupi, staringi. Nilipendekeza nisimame nyuma ya mlango nikiwa na huzuni isiyoelezeka. Ndete akasema mtu asiyejua Kikamba atashika kamba ya mbuzi wa tatu na kufunga mdomo.

Alidhani amenitukana! Nyuma kabisa, bila neno, mkononi kamba! Nafasi kama hii mtu huipata mara moja maishani. Nikainamisha kichwa ili asione nikitabasamu. Wacha aongee. Mwisho wa siku watu watamkumbuka nani? Tutaona.

Kiwandani ninakofanya kazi, sabuni zilinipita kwenye mkanda moja baada ya nyingine, kimya kimya, kama waumini wanaotoka kanisani. Kila mmoja na uso wake. Nyapara akaja akaniuliza naona nini pale. Nikamjibu kwamba naona mbuzi. Akaniondoa kwenye mkanda, akanipa ufagio.

Jumatano, 7 Agosti

Mazoezi. Mbuzi sina, kwa hiyo nimefunga kamba kwenye mtungi wa jirani. Nikausimamisha mlangoni. Nikaushika kwa heshima. Nikaachia vidole, kimoja baada ya kingine. Mtungi ukamwaga maji yote uani. Jirani akasema maneno ambayo sitayaandika.

Nimepanga wasaidizi upya. Namba moja, mbeba sinia, haguswi. Namba mbili, yule shahidi mahakamani. Hakimu anamuuliza swali moja, na yeye hajibu, anatazama dirisha tu. Anatazama, anatazama, mpaka mtu unaona maisha yake yote yakipita nje ya kile kioo. Namba tatu, mlinzi wa lango anayepigwa kisogoni. Wengi huanguka ovyo. Huyu alilala, na akajiweka mkono chini ya shavu.

Jioni Nzomo alinituma kwa kina Kavindu kupeleka salamu. Wanakaa ghorofa ya pili, ngazi nyembamba. Kavindu alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule. Akaniangalia sana. Akasema, Dishon ndugu yangu, nakuomba, Jumamosi usiote. Akasema kila mtu humu ndani amefungasha nguo zake, na yeye hajui afungashe zake au aziache. Mguu wake ulikuwa juu ya kikanyagio cha cherehani lakini haukukanyaga. Nilimhurumia kweli. Nikamwahidi atashangaa.

Mlangoni palikuwa na mama mmoja mwenye leso ya kijani, akichambua majani ya kunde kwenye ungo. Kavindu alimwita shangazi. Yule mama alinipa chai bila kuombwa. Nikamweleza kwa kirefu kuhusu mikono na namna ya kuachia. Akasikiliza yote, akaniambia niizungushe kamba mara mbili kwenye kiganja, maana mbuzi wa mjini ni wajanja. Mashauri ya kawaida tu. Hakuwa ameelewa sanaa.

Ijumaa, 9 Agosti

Mbuzi wamefika kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko. Wawili weusi, na wangu. Wangu ana rangi ya chai ya maziwa. Chai! Kama hiyo si ishara, sijui ishara ni nini.

Ndete alifanyia mazoezi hotuba yake uani. Methali tatu kwa pumzi moja. Wapangaji wakampigia makofi, na mwenye nyumba akatokwa na machozi, yeye ambaye hatujawahi kumwona akitokwa hata na jasho. Wivu ulinipanda. Kisha nikajituliza. Makofi ya mapema ni ya staringi.

Jua lilipokuwa likishuka nilipanda juu ya paa na mbuzi wangu. Kayole yote ilikuwa rangi ya dhahabu, nguo za watu zikicheza kwenye kamba. Nikaona kama tumo ndani ya filamu, mimi na yeye, pembeni kabisa ya picha, mahali ambapo hakuna anayetazama. Akanitazama kwa yale macho yake ya mstari. Nadhani tulielewana. Kisha akala ukurasa wa Alhamisi wa shajara hii.

Jumamosi, 10 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulipanda ngazi. Wazee mbele, Ndete na tai yake, Nzomo nyuma yake, mimi wa mwisho. Mbuzi weusi waliingia, wakapelekwa roshani. Wangu alibaki kizingitini, mimi nyuma yake, nje kidogo. Ndete akasema. Hotuba ilikuwa nzuri, sikatai. Kikamba chake kilitiririka, na mimi, nisiyeelewa neno, nikatiririka nacho. Jua liliingia dirishani likakaa begani mwa Kavindu. Vumbi likaelea. Sauti zikaenda mbali.

Mzee Ndolo akamgeukia binti yake. Akamuuliza, kwa Kiswahili ili wote tusikie, kama anawajua watu hawa na kama mbuzi wao waliwe. Kavindu akainua uso, akasema kwa sauti ndogo kwamba anawajua, na waliwe.

Mkono wangu ukajua kazi yake.

Nikafungua vidole. Kimoja, kingine, kingine. Kamba ikaniteleza taratibu. Nikasubiri kitu kianguke polepole.

Mbuzi haanguki. Mbuzi huenda! Aligeuka akapita katikati ya miguu yangu, akazishuka ngazi kama anayedaiwa kodi. Mayowe. Beseni likabingirika. Ndete akamfuata na suti yake yote. Tulimwona kupitia roshani akikatiza kwenye nguo zilizoanikwa, akatokea upande wa pili na shuka kichwani. Baadaye akarudi na kiatu kimoja. Mbuzi hakuna.

Mzee Ndolo hakukasirika. Heri angekasirika. Alisema kwa upole kwamba jambo ni jepesi. Kama mbuzi alikuwa ameingia, basi ni mbuzi wao, watamtafuta wenyewe, na binti ameolewa. Kama alikuwa hajaingia, hajaletwa. Mbuzi wawili si ntheo. Na kesho asubuhi lori linaondoka.

Wote wakanigeukia. Nimesema wote! Mzee akaniambia, kijana, wewe ndiye uliyeshika kamba. Aliingia, au hakuingia?

Nzomo alikuwa akiniomba kwa macho. Neno moja tu lilihitajika. Lakini ni nani angelikumbuka neno? Nikamkumbuka yule shahidi. Nikageuza shingo, nikatazama dirisha.

Nje palikuwa na suruali ya mtu ikikauka. Nikaitazama. Nikaona utoto wangu, mto Nzoia, marehemu nyanya akiniita. Kavindu akaanza kulia. Nikajua nimefaulu! Mzee Ndolo akatikisa kichwa, akasema kimya nacho ni jibu, akaanza kuinuka. Hata Nzomo alikuwa akilia. Sijawahi kupata watazamaji kama wale.

Na hapo, haki ya Mungu, nikaharibiwa. Yule mama wa leso ya kijani akatoka jikoni na ungo wake. Akasema kwa Kiswahili, tena haraka haraka kama anayeuza nyanya, kwamba wanaume wanajadili nini na kunde zake zimeliwa? Mbuzi gani asiyeingia anayekula jikoni? Akatuonyesha majani yaliyokatika nusu. Akasema aliyekula kwetu ameingia kwetu, na sasa mchuzi wa wageni utakuwa mwembamba, asilaumiwe.

Mzee mmoja akacheka. Kisha wote. Mzee Ndolo akautazama ule ungo, akamtazama dada yake kwa muda mrefu, akaketi. Akasema, basi ameingia. Vigelegele! Nzomo akapiga magoti palepale.

Mimi nikabaki naitazama suruali. Hakuna aliyenigeukia tena.

Jumapili, 11 Agosti

Lori limeondoka Kayole bila Kavindu. Alisimama kando ya barabara ameshikana mikono na Nzomo, analia na kucheka. Nzomo alipakia vyombo vyote vya shangazi yake Kavindu kwa mikono yake mwenyewe, beseni kwa beseni, na hakumwachia mtu mwingine aguse. Yule mama alipunga mkono akiwa juu ya magodoro. Nilitaka kuangalia vizuri, lakini moshi wa lori ulikuwa umelipata jua, ukageuka zambarau, nikapotelea huko.

Mbuzi ameonekana. Alikuwa nyuma ya kanisa, katikati ya kwaya ya akina mama, ametulia. Ndete hanisemeshi. Ametangaza kwamba mtu kama mimi asipewe hata mlango kuushika. Wivu tu!

Jumanne, 13 Agosti

Nzomo ameongea nami kwa utaratibu, kama mtu na mgonjwa. Harusi ya kanisani ni Desemba. Amesema ananipenda kama ndugu, lakini siku hiyo angependa nikae nyumbani. Nyumbani! Hakuna nafasi iliyo nyuma kuliko hiyo. Hata mbeba sinia alikuwa ndani ya chumba. Nitaanza mazoezi wiki hii: mtu aliye nyumbani, ananyoa ndevu, kengele zinalia kwa mbali.

Nimepanga orodha upya. Namba moja, mshika kamba, yaani mimi. Mbeba sinia ameshuka hadi namba mbili, na namwonea huruma. Namba tatu, mbuzi. Namba nne, Ndete, kwa sababu ya shuka tu.

Nzomo aliposikia akaniuliza kwa ukali, na Nthambi je? Nikamuuliza Nthambi ni nani. Akanitazama mpaka nikaona haya, akasema ni shangazi yake Kavindu, ndiye aliyempa mke. Kumbe yule wa kunde! Kwa haki nikakaa kitandani nikamfikiria. Mimi ndiye niliyeshika kamba, na najua mbuzi hakuingia hata kwato. Nilimwona Nthambi kwenye kioo cha dirisha, kule jikoni, akiyakata yale majani kwa vidole. Kisha akafuta mkono kwenye leso, akaja kwetu.

Hapana. Nimemwacha nje. Hakutulia, hakutazama dirisha, hakuachia kitu. Mwigizaji gani yule? Watu walimwamini tu, wakaketi kula.