Begi la Ngozi Lililokwenda Salale

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimegundua kwa nini sijaajiriwa. Si akili, si bidii. Ni begi.

Tuko wawili wa kujitolea katika ofisi ya mradi wa mikoko hapa Kibiti, mimi na Semeni. Nafasi ya ajira ni moja. Bosi wetu, Bi Salima, ataamua baada ya safari ya Salale, kijiji cha deltani, Jumamosi hii. Nikikosa, Shangazi Tatu ameshasema: naenda Maparoni kuamia ndege kwenye mpunga wake. Mimi Mudrick, mwanachuo wa jioni wa maendeleo ya jamii, niwarushie kwelea mawe!

Asubuhi Bi Salima aliniona naingia na mfuko mbadala uliokatika mkono mmoja, kalamu imeutoboa. Akarudi kwenye chai yake.

Semeni anabeba ndoo. Ndoo ya rangi, ya lita kumi, yenye mfuniko. Humo mna daftari, vitini vya chuo, kanga na chakula cha mchana. Msichana mzima, msomi! Ushindi ni wangu, nikipata begi.

Jumanne, 6 Mei

Nimekaa kitako kuchagua. Liingie faili bila kukunjwa. Lichukue kompyuta, chupa ya maji na mwavuli. Lifae ofisini asubuhi na chuoni jioni, lisichubue bega. Na linipe heshima. Hili la mwisho ndilo la kwanza.

Begi langu la shule: zipu imekufa, na lina picha ya sungura. Hapana. Kapu la ukindu la Shangazi: imara, jepesi, linabeba kila kitu. Linanuka vitunguu. Halafu lenyewe halikuwepo, Shangazi alikuwa amelisahau tena kwa jirani, tupu, mlangoni pa jiko. Jioni likarudi limejaa mihogo. Usahaulifu wenye bahati namna hii sijapata kuuona.

Limebaki la Shemeji Twalibu, mume wa dada yangu, muuza simu pale stendi. Ngozi ya kahawia, mifuko kila upande, bitana nyekundu. Alilitoa Dar na huenda nalo hata harusini. Nimeomba kuliazima, amekataa. Nikamwambia kwamba Bi Salima alipopita stendi alilisifu. Akalivua begani mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei

Bi Salima kasema begi zuri. Maneno yake hayo hayo! Nilipita mbele ya meza yake tena na tena, mpaka akaniuliza nimepoteza nini.

Tatizo, kompyuta sina, na begi tupu linanywea. Nilikuwa nimetia ubao wa Shangazi wa kukatia mboga, nimeufunga kitambaa. Kimo kile kile. Semeni akauliza mbona kompyuta yangu inanukia kitunguu saumu. Wivu mtupu.

Ijumaa, 9 Mei

Shangazi kauchukua ubao wake. Kasema aliyemlea hakumfundisha kukatia nyama kiganjani.

Baada ya sala, kikao. Bi Salima ametuonya: Salale tusiombe wala tusipokee chochote, hata dafu. Watu wa mradi uliopita walirudi na mizigo mpaka jina likaharibika. Atakayerudi na kitu, ajira asahau. Nimeitikia kwa sauti kuliko Semeni.

Begi litakwenda tupu. Ngozi ikijazwa vitu inapoteza umbo. Vitini vyangu, chupa na koti la mvua nimemwomba Semeni anitilie kwenye ndoo yake. Amekubali. Maskini, hajui anamsaidia mpinzani.

Jumamosi, 10 Mei

Salale. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakwama mbali na pwani. Tukashuka kwenye tope. Mimi begi kichwani. Semeni aliisukuma ndoo yake juu ya tope, ikateleza yenyewe.

Mwenyeji wetu, Bi Rukaiya, alituweka barazani. Begi nikaliacha mlangoni kwake, penye njia ya watu, zipu wazi ili bitana ionekane. Kila mwanamke aliyepita alichungulia. Mmoja alitikisa kichwa kwa huruma. Nikajua hana lake la namna ile.

Kikao kilikwenda vizuri. Nilizungumza sana.

Wakati wa kuondoka nikalinyanyua begi. Halinyanyuki! Limejaa kamba wabichi mpaka mdomoni, wengine bado wanarusha masharubu. Mfuko wa kompyuta, kamba. Mfuko wa kalamu, kamba. Bi Rukaiya akaniambia kwa upole, mwanangu usione haya, kapu lako tumeliona, na mgeni haondoki hapa na kapu tupu.

Bi Salima akanigeukia. Nikaapa sikuomba. Bi Rukaiya akanitetea, akasema ni kweli, kwa mdomo hakuomba, kijana ana adabu.

Kuwarudisha kamba ingekuwa tusi. Ili tusiondoke na fadhila ya watu, Bi Salima akamwachia Bi Rukaiya mwavuli wake. Mvua ikatukuta katikati ya mto na ikatuandama mpaka gati. Maji ya kamba yakachuruzikia viatu vya Bi Salima. Semeni akafungua ndoo, akatoa kanga kavu, akamfunika. Halafu akanipa koti langu. Kavu pia. Niliona aibu, kwa muda.

Jumapili, 11 Mei

Paka wa mtaa mzima wako uani. Nimelifua begi kwa sabuni ya unga na kulianika juani. Limekakamaa kama papa mkavu. Shemeji Twalibu kalinusa mara moja na kusema nibaki nalo. Basi hatimaye nina begi la ngozi.

Shangazi kawapika kamba kwa nazi. Kaniuliza niliacha begi wapi. Nikamwambia, mlangoni. Kacheka, kasema hata yeye hathubutu kuomba kingi hivyo. Sikumwelewa, kinywa kilikuwa kimejaa.

Jumatatu, 12 Mei

Semeni kaajiriwa. Nimempongeza, nikaenda nyuma ya ofisi, nikalia kidogo. Nilikuwa naitaka sana kazi ile.

Bi Salima hana roho mbaya. Kasema huenda ikapatikana nafasi ya pili. Alhamisi tunakwenda Maparoni, ataniangalia kwa mara ya mwisho. Shangazi naye kakubali kungoja mpaka Alhamisi. Kombeo la kuamia ndege kaliweka tayari kwenye mizigo yangu, kwa kuwa shamba liko huko huko.

Nimefikiri mchana kutwa, na nimelipata kosa langu. Bosi anapenda ndoo! Ningejua mapema.

Nimeazima ya Shangazi, lita ishirini, mara mbili ya ile ya Semeni. Nimeisugua kwa mchanga mpaka inang'aa. Shangazi kacheka mpaka akakaa chini, kasema nenda nayo, baba, na mfuniko uache nyumbani. Wazo zuri. Nikifika nitaiweka mlangoni kwa mwenyeji, wote waione. Vitu vyangu atanibebea Semeni. Ndani sitii kitu, iwe nyepesi.