Ombi la Kuelezwa Kama Ngazi Zetu ni Mazoezi au ni Kazi

Mheshimiwa Daktari Mkuu,
(kupitia kwa mkuu wa masjala, ambaye ameomba ionekane kwamba hakuisoma)

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni karani mdogo wa masjala, ghorofa ya juu kabisa, mwenye mimba ya kwanza, ya miezi saba. Tangu lifti iharibike, mafaili ya wagonjwa nayashusha na kuyapandisha kwa ngazi. Mwezi uliopita shinikizo langu la damu lilipanda, nami tangu hapo silali vizuri kwa kumhofia mtoto. Nahofia pia kibarua changu, ndiyo maana nimeiandika barua hii mara kadhaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari wa kliniki ya wajawazito hufundisha kwamba mazoezi ni ya wanariadha, mjamzito ajitunze kama yai. Juzi alimkemea mama mmoja aliyekiri kwamba hutembea jioni, mpaka akatoka analia. Hapo hapo daktari akachungulia mlangoni, akaniambia nikimbie juu, faili la anayefuata linachelewa.

2. Nilipomuuliza kama langu nalo si yai, alinieleza kwa subira kwamba yale ni mazoezi, hii ni kazi. Nimesoma mpaka chuo, lakini sikufundishwa jinsi mtoto aliye tumboni anavyotambua kama mama yake anapanda kwa ajili ya afya au kwa ajili ya mshahara.

3. Muuguzi wa mizani, tunayemwita Mama Kilo, yeye anayasifu sana mazoezi. Huyafundisha akiwa ameketi, chai mkononi. Aliponiona nahema, alisema, "Unahema vibaya, mwanangu, vuta pumzi kwa pua." Kisha akaniwekea beseni la vifaa juu ya mafaili, maadamu nilikuwa napanda.

4. Niliomba kiti kimoja pale ngazi zinapokunja kona. Wataalamu walikutana, wakaketi, wakajadili, wakaamua kwamba kiti kitanizoesha uvivu.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, napendekeza kwamba, kwa kuwa kutembea kunadhuru na kubeba mafaili hakudhuru, wajawazito wote wa kliniki waajiriwe masjala. Watapanda na kushuka salama siku nzima, chini ya uangalizi wa watu walioketi. Likishindikana hilo, daktari wa kliniki afungwe mfuko wa mchanga tumboni, apande nami mara moja tu, kisha atoe maoni akiweza kusema. Nalo likishindikana, nihamishiwe mapokezi, ghorofa ya chini, hadi nijifungue. Hilo la mwisho ndilo ninaloliomba hasa.

Nisalimie wauguzi wote wa zamu, wafagizi, na mlinzi wa geti, ambaye huinuka kunipisha kwenye benchi lake bila kikao.

Wako mtiifu, anayevuta pumzi kwa pua,
Karani wa Masjala

N.B. Barua hii naileta mwenyewe, kwa kuwa tarishi anaumwa mgongo. Nikiwa njiani Mama Kilo aliinuka, nimeshuhudia, akanipima. Shinikizo limeshuka, mtoto anacheza vizuri. Anasema ngazi ndizo zilizonisaidia, nisiziache, ila niende polepole na mikono mitupu. Basi tafadhali usinihamishe. Yahamishwe mafaili. Mimi nitaendelea kupanda bila sababu yoyote, jambo ambalo, nasikitika kukiri, litakuwa mazoezi. Naomba daktari asiambiwe.