Manasseh Abana Maji

Nchi hii ikitaka kumaliza ukame, imkabidhi Manasseh wa Sironga funguo za mabomba yote! Ndivyo alivyotuambia mwenyewe Februari hii, chemchemi yetu ilipobaki kudondoka tone tone.

Kwake, tangi lilipigwa kufuli. Maji ya kuoga ni kikombe kimoja cha kunywea uji kwa kila mtu, tena kisijae!

"Baba Linda, na hiki nioshe nini?" mkewe Gesare akauliza.

"Uso na kwapa, basi! Mguu unakaa ndani ya gamboti, nani atauona?"

Mimi jirani yake nilichoka na mahubiri hayo. Nikinawa mikono kwangu, yeye anachungulia uani! Lakini nilijua kinachomwasha. Kanisa lilitaka mzee mpya, na Manasseh aliutamani uzee huo miaka tisa. Kamati ya uteuzi ingekaa Sabato iliyofuata, na yeye alitaka wamwone kuwa mtunzaji hodari wa mali ya Bwana. Suti ikapigwa pasi, viatu vikang'aa.

Lo! Sifa zilimjaa kichwani mpaka akasahau kuwa Sabato hiyo ni ya Meza ya Bwana. Na sisi Wasabato hatuijii Meza kabla ya kuoshana miguu.

Mchungaji alipotangaza, "Wanaume, chumba cha nyuma," Manasseh akaanza kutafuta mlango. Mzee Ogoti, mwenyekiti wa kamati, akamdaka mkono.

"Njoo ndugu, nitakuosha mimi."

"Mzee, mimi... nina kidonda."

"Basi kisafishwe. Vua!"

Akavua soksi. Nyasae, Mungu wangu! Wiki tatu za shamba la chai zilikuwa pale, na sisi wa nyuma tukafungua madirisha. Ogoti akainama, akasugua. Beseni likawa tope. Likaja la pili. La tatu!

"Shemasi, ongeza maji!"

"Yameisha, mzee," Machogu akajibu. "Mitungi yote mitatu."

Wanaume kumi na sita tulikuwa tumesimama na soksi mkononi, na siku ya Sabato hakuna wa kutumwa chemchemini.

Alasiri kamati ilikaa dakika tano tu. Uzee ukaenda kwa Machogu. Manasseh naye hakukosa kazi: kwa kauli moja, wakamteua kuchotea kanisa maji mpaka mvua inyeshe. Ila kwanza, Ogoti akasema, aende nyumbani akaoshe ule mguu wa pili.